Mama mdogo alikaa benchi la polisi masaa matatu akiwasubiri wezi wake

Hii kitu nimekaa nayo zaidi ya mwaka, kila nikianza kuiandika nashindwa, ila juzi kuna mtu katuma kwenye grupu la familia picha ya jamaa kakamatwa na sare za polisi kwenye begi, watu wakaanza kujaza vikatuni vya kucheka, mi nikaweka simu chini nikatoka nje. Sikuona cha kucheka mana kwetu hiyo sare ilishawahi kuingia mpaka mlangoni.

Mama mdogo wangu ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu, pembezoni mwa Dar. Kibanda cha bati, dirisha lina nondo na wavu, ndani kuna kiti cha plastiki, kalenda, na daftari la miamala analiandika kwa mkono kila siku na mwandiko wake ule wa darasa la saba la zamani, mzuri kuliko wangu. Siku hiyo ilikua saa moja na nusu usiku hivi, wateja wameisha, anahesabu afunge. Wakaja watu watatu. Wawili wamevaa khaki kamili, kofia, mkanda, mmoja ana V mbili kwenye mkono wa shati. Wa tatu yuko kiraia, ana redio kolu inakoroma mkononi na pingu zinaning'inia kiunoni. Wakamwamkia vizuri kabisa, shikamoo mama, poleni na kazi.

Wakamwambia laini yake ya uwakala imetumika kutolea hela ya mtu aliyetapeliwa, ule utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo laini, simu na fedha zote za siku hiyo ni vidhibiti mpaka upelelezi ukamilike. Hilo neno kidhibiti ndo lilimmaliza. Mtu ambaye hajawahi kuingia kituo cha polisi hata kuripoti kitambulisho kimepotea, anasikia kidhibiti, anaona jela. Akahesabu mwenyewe, 1,840,000, akaweka kwenye bahasha ya kaki na juu yake akaandika kiasi kwa kalamu ya bluu ili kisije kikapungua huko kituoni. Akawapa na simu mbili. Alifunga duka kwa ufunguo wake, akapanda kwenye Noah yao, majirani wanaangalia na hakuna aliyeuliza, na ukweli ni kwamba hata mi ningekuwepo nisingeuliza.

Walipofika barabara kubwa gari ikasimama. Wakamwambia mama sisi tunapitia kumchukua mtuhumiwa mwingine, we tangulia kituoni, kaa pale kwenye benchi la kaunta utusubiri. Wakampa elfu mbili ya bodaboda.

Akaenda! Alifika saa mbili kasoro, akakaa. Alikaa mpaka karibu saa tano usiku. Alinihadithia baadae kwamba alibanwa na haja ndogo ila aliogopa kwenda chooni asije akaitwa jina akaonekana katoroka. Mpaka askari wa zamu mwenyewe akamuuliza, mama we unamsubiri nani muda wote huu, akajibu nawasubiri maafande wamenichukulia vidhibiti vyangu. Maafande gani mama? Wa hapa hapa. Yule askari akanyamaza kidogo, alaf akatoka nje ya kaunta akaja kukaa nae pale kwenye benchi kabla hajamwambia. Nampa heshima yake kwa hilo, alijua anachoenda kumwambia mtu. Jalada lilifunguliwa. Hela haijaonekana, simu hazijaonekana, na kile kiasi alichoandika kwa kalamu ya bluu hakuna aliyekisoma zaidi ya wale wezi.

Siku mbili baadae kijana anayekaanga chipsi ng'ambo ya kibanda akatuambia kwamba yule mwenye V mbili alikua amevaa raba nyeusi, sio buti. Anasema niliiona ile raba, ila nikasema moyoni labda siku hizi zinaruhusiwa. Mi hiyo sentensi ya labda siku hizi zinaruhusiwa ndo imenikaa kichwani mpaka leo, mana yule kijana hakudanganyika na macho, macho yake yaliona vizuri kabisa, kilichomfunga mdomo ni ile khaki.

Tangu hapo nikaanza kusoma. Mi sio mwanasheria, ila sheria zetu ziko wazi mtu yeyote anaweza kusoma, na nimemsumbua sana binamu yangu mmoja ambae ni wakili. Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ile ambayo tuko nayo tangu mwaka 1945 enzi za mkoloni na imekua ikirekebishwa rekebishwa, kuna vifungu viwili watu wanavichanganya. Cha 178 kinahusu nguo yenyewe. Kama we sio mtumishi wa jeshi au polisi na umevaa sare yao, au vazi linalofanana nayo, au lenye alama zake, hilo tayari ni kosa, hata kama hujamsimamisha mtu wala hujachukua hata mia. Nguo peke yake inatosha. Wamewaruhusu tu wanaoigiza jukwaani, na sarakasi pia imetajwa, mana kifungu ni cha zamani. Na kifungu hicho hicho kinamgusa pia anayeuza hizo sare bila ruhusa.

Alaf kuna cha 100, hiki ni cha mtu anayejifanya mtumishi wa umma na akafanya jambo kwa kujifanya hivyo. Hiki hakijali umevaa nini. Yule wa tatu wa kwetu, mwenye redio kolu na pingu, hakuvaa sare yoyote, kwa hiyo ukimshika na 178 anakuponyoka, ila 100 inamkamata vizuri kabisa.

Sasa tatizo langu ni adhabu. Adhabu za kifungu cha 178 zinahesabiwa kwa miezi, na kujifanya mtumishi wa umma nako sheria imekuweka kwenye kundi la makosa madogo. Wakati huo huo unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 jela, hiyo ndo ya chini kabisa hakimu hana pa kushuka. Binamu yangu akanielezea kwamba ndo mana wakikamatwa watu wenye sare feki waliopora, mashtaka makubwa yanakua ya unyang'anyi na hiyo ya sare inawekwa pembeni kama kachumbari. Mi nikamuuliza, je kama hawakushika silaha? Wale watatu hawakuonyesha bastola wala panga. Hawakumgusa. Mama mdogo alihesabu hela mwenyewe. Akanyamaza, akasema hapo sasa ndo inakua kazi, inaweza kwenda kwenye kujipatia fedha kwa udanganyifu.

Kwa nini hawakuhitaji silaha? Kwa sababu silaha ilikua ni ile nguo. Mwizi mwenye panga ukimuona unapiga kelele, mtaa mzima unatoka, lakini mwizi mwenye khaki ukimuona unanyoosha mikono mwenyewe na majirani wanarudi ndani kufunga milango. Hata kelele kaziiba. Mi naamini kabisa kwamba mtu anayevaa sare ya polisi ili aibe anatakiwa ahesabiwe kama aliyebeba silaha, na sitabadilisha hilo wazo.

Agosti 2023 JWTZ walipotoa siku 7 raia wote wenye mavazi ya kijeshi au yanayofanana nayo wayasalimishe, nakumbuka mi nilikasirika. Dogo wangu alikua na kofia ya mabaka kainunua mitumba Karume, kofia tu ya kuzuia jua, nikasema hawa watu hawana kazi. Nguo zenyewe zinaingia kwenye mabelo kutoka Ulaya huko, muuzaji anafungua belo hajui kuna nini, mnunuzi anaona rangi nzuri, leo unamwambia ni mhalifu? Na bado naona kuna uonevu kama sheria ikiishia kwa mvaa kofia na isimfikie anayeshona. Ila sasa hivi hoja yenyewe naielewa. Kama kila mtu mtaani ana mabaka, siku mtu mbaya akija na mabaka hakuna atakaeshtuka. Dogo kofia aliipeleka serikali ya mtaa, alinuna wiki nzima.

Nimeongea pia na fundi mmoja wa cherehani ambae anashona magwanda ya walinzi wa kampuni binafsi, ana miaka mingi kwenye hiyo kazi. Kanionyesha kitambaa, kanionyesha jinsi bega linavyoshonwa ile kamba ya kuweka cheo, jinsi mfuko wa kifuani unavyokatwa pembe, alaf akaniambia kitu kimoja kwa sauti ya chini, kwamba mteja mwenye nia mbaya haji na oda ya sare ya polisi. Anakuja na oda ya shati la mlinzi, ila anataka rangi iwe hivi, na bega liwe hivi, na anasema vifungo nitaweka mwenyewe. Akasema ukisikia vifungo nitaweka mwenyewe, hiyo kazi kataa. Ameshakataa mara mbili. Huyu fundi kwa maoni yangu anafanya ulinzi kuliko matangazo mengi, na hakuna mtu aliyewahi kwenda kumuelekeza wala kumshukuru.

Na hili halikuanza kwa mama mdogo. Mwanzoni mwa 2013 pale Kinyerezi alikamatwa mtu kavaa nguo za trafiki, zile nyeupe, habari ikavuma jiji zima jina likawa trafiki feki, na mpaka leo watu wakiitaja wanaitaja kwa kicheko. Januari hiyo hiyo majirani zetu Kenya walipata lao kubwa zaidi, huko Njoro alikamatwa raia ambae alikua anajulikana kama Kamishna Msaidizi wa Polisi, anavaa sare, anasalutiwa, na ikasemekana hata alikuwepo kwenye helikopta ya wakubwa iliyoenda Baragoi baada ya mauaji ya askari zaidi ya 40 bonde la Suguta mwezi Novemba 2012. Ikaundwa kamati ya uchunguzi, maofisa wakubwa wakasimamishwa kazi. Hebu fikiria, kama maofisa wenyewe, waliosomea kazi, wanaojua V ngapi na nyota ngapi, waliona khaki wakasaluti, unamlaumuje mwanamke wa kibanda cha bati saa moja na nusu usiku? Nasema hivi kwa sababu kuna ndugu walimwambia mama mdogo usoni kwamba alikua mjinga. Hakua mjinga. Alitii, kama alivyofundishwa tangu shule ya msingi.

Huko nje imeshaua watu wengi. Norway mwaka 2011 yule muuaji wa kisiwa cha Utøya alivuka na boti amevaa sare ya polisi, akasema amekuja kuwalinda baada ya bomu la Oslo, vijana wakasogea karibu yake, walikufa 69 pale kisiwani. Canada, jimbo la Nova Scotia, Aprili 2020, mtu na sare na gari alilolipaka lifanane kabisa na la polisi, aliua watu 22. Kule mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria ya kudhibiti nani anaruhusiwa kuwa na sare na vifaa vya polisi, yani hawakungoja mtu avae, walianzia kwenye kabati. Mi hapo ndo nataka na sisi tuanzie. Askari akistaafu sare zake zinaenda wapi? Akifariki, mjane anazifanyia nini? Kitambaa anauziwa nani?

Na kuna ile hadithi ya Ujerumani ya mwaka 1906, fundi viatu mmoja ametoka jela, Wilhelm Voigt, akanunua vipande vya sare ya kapteni kwenye maduka ya nguo kuukuu, mitumba kabisa hiyo, akavaa, akawasimamisha wanajeshi njiani wakamfuata, akaenda nao Köpenick akamkamata meya ofisini kwake na kuondoka na zaidi ya marki 3,500, na alisaini risiti! Jina la uongo, lakini alisaini. Alihukumiwa miaka 4, mfalme akamsamehe 1908, na nchi nzima ilicheka wakampenda. Mi naelewa kwa nini walicheka, aliyeaibika pale alikua ni mkubwa. Huku kwetu anayeaibika ni mwenye kibanda.

Hiyo risiti ya Voigt inanirudisha kwenye jambo ambalo nadhani ndo kiini. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema polisi akipekua na kuchukua kitu chako anatakiwa akupe stakabadhi ya alichochukua, isainiwe na wewe mwenye mali na mashahidi waliokuwepo. Ndo mana kwenye upekuzi wa halali mara nyingi wanamwita mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Na mtu akikamatwa anatakiwa aambiwe anakamatwa kwa kosa gani. Hivi vitu vipo, vimeandikwa. Sasa niambie ukweli, ni lini mara ya mwisho umeona vinafanyika bila mtu kuvidai? Mi nimeona kwa macho yangu mtu anachukuliwa simu na askari wa kweli kabisa bila karatasi. Nimeona askari kanzu wanamvuta kijana kwenye gari binafsi halina namba za polisi, kijana anauliza nyie ni nani anapigwa kofi, na walikua wa kweli, kesho yake tulimkuta kituoni. Simtaji mtu na sisemi wote wako hivyo, nina ndugu wawili ni askari na nawaheshimu sana. Nasema kwamba kila askari wa kweli anayekasirika akiulizwa kitambulisho anamtengenezea njia askari feki. Wale watatu waliokuja kwa mama mdogo walifanya vile vile ambavyo mtaa ulishazoea kuona, ndo mana hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo mi hizi sheria za sare nazitaka, na nazitaka kali kuliko zilivyo, ila kama raia haruhusiwi kuuliza, kifungu cha 178 kitaendelea kutumika baada ya mali kuondoka. Bibi yangu alikua akisema kuuliza si ujinga, sasa na huku tuongeze kwamba kuuliza si dharau wala si kuzuia kazi ya polisi. Afande naomba kitambulisho. Afande naomba tumwite mjumbe. Afande naomba nimpigie ndugu yangu kwanza, na hapa usipige ile namba watakayokupa wao, piga unayoijua wewe. Na kama wanasema twende kituoni, sawa, twende, ila duka lifungwe na vitu vibaki ndani mpaka mjumbe afike.

Mwezi uliopita walikuja polisi wawili pale kibandani, mchana kweupe, wa kweli, wanafuatilia wizi wa nyumba ya jirani wanataka kujua kama kuna simu fulani ilitoa hela pale. Mama mdogo hakufungua mlango. Alinipigia, akaweka spika, nikamsikia anasema samahanini wanangu naomba vitambulisho. Yule mdogo akaanza kulalamika, mama sisi tuna haraka, huoni hizi nguo? Mama mdogo akamjibu naziona mwanangu, niliziona na siku ile. Kimya. Alaf nikasikia yule mkubwa anasema mpe. Vikapita chini ya wavu. Akaanza kunisomea pole pole, jina, cheo, namba, jina la pili herufi kwa herufi mana lilikua gumu, na mi nilikua barabarani nimepaki pembeni naandika nyuma ya risiti ya mafuta, akimaliza mstari ananiambia umeandika? Namwambia nimeandika mama. Soma. Namsomea. Alaf akaendelea na cha pili.